Kipokezi kikiharibika, mbona ishara haifi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa baiolojia wa Tororo. Ameandika hivi:

"Nilikuwa nafundisha vipokezi vya seli. Mwanafunzi mmoja wa Senior 5 akanyoosha mkono: 'Mwalimu, umesema kipokezi ndicho kinachopokea ishara nje ya seli na kuipeleka ndani. Sasa mutesheni ikikiharibu, si ishara inakufa? Mbona kitabu kinasema kipokezi kilichoharibika huleta saratani, na saratani ni seli inayogawanyika bila kusimama? Ishara imekufa au imezidi?' Nilimwambia nitamjibu Jumatatu. Jumatatu mbili zimepita. Naomba unisaidie, na usinijibu kwa mistari mitatu."

Mwalimu, salaam. Mistari mitatu hutapata, usiwe na wasiwasi.

Mwambie huyo mwanafunzi kwamba mimi nilifika mwaka wa tatu wa chuo kikuu kabla swali hilo halijanijia, na hata hapo ni mtihani ulionishika shati. Kosa si lake. Limejificha ndani ya neno "haribika". Ukisema redio imeharibika, watu wa nyumbani wanaelewa kwamba imenyamaza. Lakini iko redio nyingine ikiharibika haizimiki. Unabonyeza kitufe, inaimba. Unapunguza sauti, inaimba. Mpaka uchomoe betri. Zote mbili fundi ataziita mbovu. Mutesheni maana yake ni kwamba herufi za DNA zimebadilika, basi. Badiliko likiangukia kwenye kitufe cha kuwasha, ishara inakufa. Likiangukia kwenye kitufe cha kuzima, ishara haikomi.

Ila hilo ni nusu tu ya jibu, na nusu rahisi. Ili tufike kwenye nusu ya pili, inabidi kwanza tukubaliane jinsi ishara inavyosafiri.

Fikiria ghorofa linalojengwa hapo kwenu. Lori la saruji linafika getini. Askari analiona, anapiga kelele kwa kibarua aliye chini ya ngazi. Huyo anamwambia wa kwenye jukwaa. Sauti inapanda mpaka kwa mafundi wa juu, nao wanaanza kuchanganya. Lori halipandi ghorofani. Kinachopanda ni sauti. Askari ndiye kipokezi.

Chukua kipokezi kinachoitwa EGFR. Nusu yake iko nje ya seli, uzi mmoja umepenya utando, na nusu nyingine iko ndani. Nusu ya ndani ni kainesi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfeti. Protini ya ukuaji ikija nje na kushikana nacho, vipokezi viwili husogeleana na kuungana, kila kimoja kikambandika mwenzake fosfeti kwenye asidi amino (vipande vinavyounda protini) za tairosini zilizo mkiani. Fosfeti hizo ndizo kelele ya askari. Protini nyingine, GRB2, inazidaka, inamvuta mwenzake SOS, na SOS anaiamsha protini ya RAS kwa kuifanya iache GDP, molekuli ya kulala, na kushika GTP, molekuli ya kuamka. RAS anaamsha RAF, RAF anaamsha MEK, MEK anaamsha ERK, na ERK huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kugawanyika.

Kuzima nako kuna watumishi wake, jambo ambalo mihtasari yetu inalipita mbio. Viko vimeng'enya vinavyobandua fosfeti. Kipokezi chenyewe humezwa ndani na kusagwa. RAS huikata GTP yake mwenyewe na kulala. Seli hutumia nguvu kunyamaza kama inavyotumia nguvu kusema.

Kwa darasa lako ningeanza na kipokezi kiitwacho RET, kwa sababu kinalijibu swali lile karibu peke yake.

Mimba ikiwa na wiki chache, seli ambazo zitakuja kuwa neva za utumbo huanza safari. Huingia utumbo kwa juu na kushuka, zikiifuata protini iitwayo GDNF kama mtu anayefuata harufu ya chapati asubuhi. Kinachozisaidia kuinusa harufu hiyo ni RET. Sasa, mtoto akirithi nakala moja ya jeni ya RET iliyokufa, askari wanakuwa nusu ya wanaotakiwa. Seli zinatembea, lakini mara nyingine hazifiki mwisho wa njia. Kipande cha mwisho cha utumbo mpana kinabaki bila neva, na utumbo usio na neva hausukumi kitu. Mtoto anazaliwa, ananyonya, siku mbili zinapita hajapata haja yake ya kwanza, tumbo linavimba. Huo ni ugonjwa wa Hirschsprung, unaompata takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Si kila mtoto mwenye ugonjwa huo ana hitilafu ya RET, wala si kila mwenye hitilafu hiyo huugua, lakini RET ndiyo jeni inayohusika zaidi ya nyingine zote. Mpasuaji hukata kile kipande kisicho na neva na kuunganisha sehemu iliyo hai.

Hapo mwanafunzi wako atasema: sawasawa, ishara imekufa, ndivyo nilivyosema. Mwache afurahi kidogo, kisha mpeleke shingoni.

Kwenye tezi ya thairoidi kuna seli chache ambazo nazo hutumia RET. Nje ya utando, protini ya RET imejikunja na kushikiliwa na madaraja ya salfa: sisteini mbili hushikana mikono na kuibana protini isifumuke. Sisteini ni asidi amino, na moja ya hizo iko nafasi ya 634 kwenye mnyororo wa protini. Ikibadilika kuwa asidi amino nyingine, mwenzake aliyekuwa amemshika mkono anabaki peke yake, mkono hewani. Mkono ulio hewani hautulii. Unamshika jirani, na jirani ni kipokezi kingine cha RET chenye shida ileile. Vipokezi viwili vimeungana. Na tumekwisha kusema kwamba kuungana ndiko kunakowasha kelele. Hakuna GDNF, hakuna lori, lakini askari wawili wameshikana mikono wanapiga kelele usiku na mchana. Mwenye mutesheni hiyo karibu hakika atapata saratani ya aina ya medula kwenye thairoidi asipotibiwa, na ndiyo maana watoto wa familia hizo hupimwa DNA na kuondolewa tezi wakiwa bado wadogo, kabla saratani haijaanza. Uhusiano huo ulithibitishwa mwaka 1993. Mwaka uliofuata, 1994, ndipo ilipoonyeshwa kwamba jeni hiyohiyo, ikifa, huleta Hirschsprung.

Kipokezi kimoja, pande mbili. Lakini mimi napenda zaidi familia za upande wa tatu. Sisteini iliyobadilika ikiwa ni ya nafasi ya 609, 611, 618 au 620, mtu mmoja anaweza kupata yote mawili: utumbo usio na neva na saratani ya tezi. Mara ya kwanza niliposoma habari hiyo nilidhani ni kosa la uchapaji. Maelezo yake ni haya: protini iliyokunjwa vibaya hukamatwa ndani ya seli, kwa hiyo vipokezi vingi havifiki kwenye utando. Vichache vinavyofika vinaungana vyenyewe na kupiga kelele. Kwenye utumbo wa kijusi, ambako idadi ya askari na usikivu wao kwa GDNF ndiyo kila kitu, wachache hao hawatoshi. Kwenye thairoidi, kelele ndogo isiyokoma kwa miaka ishirini inatosha kabisa. Kwa hiyo swali la "imekufa au imezidi" lina jibu la tatu: inategemea unaulizia seli ipi.

Turudi kwa EGFR, maana huyo ndiye aliyebadilisha matibabu. Katika baadhi ya saratani za mapafu, hasa kwa watu wasiovuta sigara, asidi amino ya nafasi ya 858 imegeuka kutoka lusini kuwa ajinini. Nafasi hiyo iko kwenye kile kikunjo kinachoiweka kainesi katika hali ya kulala. Kikunjo kikikosa kukaa vizuri, kainesi haipati usingizi. Nyingine hupoteza herufi kadhaa katika kipande cha 19 cha jeni, na matokeo ni yaleyale. Mwaka 2004 watafiti walitambua kwamba wagonjwa waliokuwa wakipona kwa kasi ya ajabu na dawa ya gefitinib walikuwa ni wale wenye mutesheni hizo. Dawa hiyo huingia mahali ambapo kainesi hushikia ATP, molekuli inayoipa fosfeti za kubandika, na kupaziba. Kumbe uvimbe ule ulikuwa umeegemea kelele ya askari mmoja. Ukimziba mdomo, jengo zima linasimama.

Baada ya miezi kadhaa, mara nyingi mwaka mmoja hivi, uvimbe hurudi. Katika karibu nusu ya wagonjwa waliotumia dawa hizo za kwanza, sababu ni mutesheni mpya katika kipokezi kilekile, nafasi ya 790, threonini imekuwa methionini. Badiliko hilo hukipa kipokezi uwezo wa kuikumbatia ATP kwa nguvu zaidi, na dawa inasukumwa pembeni. Ikatengenezwa osimertinib, inayojifunga kwa kudumu kwenye sisteini ya nafasi ya 797. Na uvimbe nao? Baadhi hubadilisha sisteini hiyohiyo ya 797. Natural selekshen mnayoifundisha kwa shingo za twiga inafanyika hapo, ndani ya kifua cha mtu mmoja, kwa miaka miwili.

Kuna mtego mwingine ambao lazima darasa lako liujue. Tuseme askari hana kosa lolote, ila kibarua wa kwenye ngazi ndiye aliyechanganyikiwa: anapiga kelele asubuhi hadi jioni bila kuambiwa. Huyo ni RAS aliyepoteza uwezo wa kuikata GTP yake. Ukimfunga askari mdomo, sauti itaendelea, kwa sababu haitoki kwake. Ndivyo ilivyo katika saratani ya utumbo mpana. Dawa ya cetuximab huziba EGFR kutoka nje, na tangu 2008 hivi madaktari walipojiridhisha kwamba haimsaidii mgonjwa ambaye KRAS yake, aina mojawapo ya RAS, imebadilika, hupima kwanza ndipo waitoe. Dawa ya bei kubwa kama ile kumpa mtu bila kipimo ni sawa na kumkamata jirani wa mwizi.

Sasa nusu ya pili ya jibu, ile niliyoahidi. Mpaka hapa tumeongea kana kwamba kelele siku zote inasema "jenga". Sivyo. Kuna askari ambaye kelele yake ni "simamisha kazi".

Kipokezi FGFR3 kwenye gegedu la mifupa inayorefuka ni askari wa namna hiyo. Kikiwashwa, seli za gegedu hupunguza mwendo. Kazi yake ni kuuwekea urefu mipaka. Glisini ya nafasi ya 380, iliyo kwenye ule uzi unaopenya utando, ikigeuka kuwa ajinini, kipokezi kinazidi kuwaka, na mtoto anazaliwa na akondroplasia: mikono na miguu mifupi, kiwiliwili cha kawaida, akili timamu. Karibu watu wote wenye akondroplasia duniani wana badiliko hilohilo la herufi moja, mahali palepale. Kwa hiyo ishara imezidi, na mwili umekua kidogo. Ukimwambia mwanafunzi "kuzidi kwa ishara ni kukua kupita kiasi", FGFR3 itakuumbua mbele ya darasa.

Tena utaumbuliwa mara mbili. Mutesheni zinazokiwasha kipokezi hichohicho zikitokea baadaye maishani katika seli za kibofu cha mkojo, seli hizo huongezeka na kuwa uvimbe. Askari yuleyule, sauti ileile, jengo tofauti. Kwenye gegedu wanasikia "simama", kwenye kibofu wanasikia "endelea". Maana ya ishara haimo kwenye kipokezi. Imo kwenye jeni ambazo seli ile imeziacha wazi kusikiliza.

Nitoke nje ya mada kidogo. Takriban wanane kati ya kumi wenye akondroplasia wamezaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Mutesheni ni mpya, na karibu siku zote imetokea katika mbegu za baba, hasa umri wake ukiwa umesogea. Nimekaa kwenye vikao vya familia, Bombo nilikokulia na kwingineko, nikasikia mama wa mtoto kama huyo akisomewa mashtaka: alikula nini, alimcheka nani barabarani akiwa mjamzito. Hakuna chochote katika hayo. Wala baba hana kosa; kunakili herufi bilioni sita hivi kila seli inapogawanyika, miaka nenda miaka rudi, si kazi ya mchezo.

Dawa iliyoidhinishwa mwaka 2021 kwa watoto wenye akondroplasia, vosoritide, ni somo zuri la njia za ishara. Haimgusi FGFR3 hata kidogo. Inaingia kwa mlango mwingine, kipokezi kiitwacho NPR-B, na kutoka huko inatuma amri inayomtuliza RAF, yule aliye katikati ya ngazi. Askari anaendelea kupayuka getini, lakini kibarua amezibwa masikio.

Niguse haraka kipokezi kilichokatwa mkia, kwa sababu wanafunzi wa Uganda wanapenda riadha. Eero Mäntyranta wa Finland alishinda medali mbili za dhahabu za kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya Innsbruck, 1964. Damu yake ilikuwa na hemoglobini ya zaidi ya gramu 20 kwa desilita, na watu wakamshuku. Miaka mingi baadaye, utafiti uliochapishwa 1993 ulionyesha kwamba yeye na ndugu zake kadhaa walirithi mutesheni katika kipokezi cha erithropoietini, homoni inayoagiza chembe nyekundu zitengenezwe. Herufi moja iliyobadilika iliandika "mwisho" kabla ya mwisho, na asidi amino 70 za mkiani zikakosekana. Mkia huo ndio mahali ambapo kimeng'enya cha kuzima hukaa. Kipokezi bado kinasubiri homoni ije, hakijiwashi chenyewe, ila kikiwaka kinachelewa kuzimika. Na kabla mtu hajaniuliza kuhusu wakimbiaji wetu wa Kapchorwa: hapana, hiyo ni familia ya Finland. Huku kwetu zungumzieni mwinuko wa mlima na mazoezi.

Yako pia mabadiliko yanayomwondoa askari kabisa, na hapo ndipo hadithi inaingia mwilini mwako mwenyewe, Mwalimu.

Umewahi kusikia CCR5, kipokezi ambacho virusi vya UKIMWI hukitumia kama mlango wa pili baada ya kipokezi kingine, CD4. Kuna watu waliopoteza herufi 32 katika jeni yake, na kwa wale waliorithi nakala mbili kipokezi hakifiki kabisa kwenye utando. Virusi vya kawaida vinagonga, hakuna mlango. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, wenye nakala moja si wachache. Kwetu Afrika ni nadra sana. Timothy Ray Brown, aliyekuwa na VVU na saratani ya damu, alipandikizwa uboho huko Berlin mwaka 2007 kutoka kwa mtu mwenye nakala mbili, akaishi bila virusi hivyo mpaka saratani ilipomrudia na kumuua mwaka 2020. Watu husikia hayo wakasema basi kipokezi hicho hakina kazi. Kina kazi. Huita chembe za kinga ziende mahali penye vita. Watu wasio nacho kabisa wameonekana kuugua zaidi wanapoambukizwa virusi vya West Nile, ambavyo, kama jina linavyosema, vilitambuliwa mara ya kwanza kwetu, kwa mwanamke wa West Nile, mwaka 1937.

CCR5 iliyokatwa huenda hunayo. Lakini mutesheni ya kipokezi cha Duffy, karibu hakika unayo, na mimi ninayo. Duffy ni kipokezi kwenye chembe nyekundu za damu ambacho vimelea vya malaria vya aina ya vivax hukishika ili kuingia. Kwa sehemu kubwa ya Waafrika wa kusini mwa Sahara, chembe nyekundu hazina kipokezi hicho, na mwaka 1976 ilionyeshwa kwamba hiyo ndiyo sababu vivax inatukosa mara nyingi. (Falsiparamu, anayetusumbua Uganda, haitegemei mlango huo; asingetusumbua.) Kinachovutia ni mahali mutesheni ilipo. Haimo ndani ya maelezo ya protini. Imo mbele yake kidogo, herufi moja, pale ambapo protini ya GATA1 hutua ili kuiwasha jeni katika seli zinazozaa chembe nyekundu. GATA1 haioni pa kutua, jeni haiwaki. Lakini kwenye kuta za mishipa ya damu jeni hiyohiyo huwashwa na wengine, na kipokezi kipo kama kawaida. Kwa hiyo "mtu huyu hana kipokezi" ni sentensi isiyokamilika. Sema hana wapi.

Duffy hakitumi ishara ndani kama ndugu zake. Hudaka tu zile protini zinazoita chembe nyeupe na kuzishikilia. Hata hivyo kukosekana kwake kunaacha alama: wengi wetu tuna nyutrofili, aina ya chembe nyeupe, chache zaidi katika damu inayozunguka, chini ya zile 1,500 kwa maikrolita ambazo fomu nyingi za maabara huziita kiwango cha chini, na hatuugui zaidi kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kupimwa katika kliniki moja, nikapata 1,200 na kidogo. Nilipimwa VVU mara tatu katika mwezi mmoja, nikaangaliwa kwa jicho la huruma na mhudumu aliyeamini kwamba kuna jambo namficha. Fomu ile ilikuwa imepangwa kwa damu ya watu wenye Duffy. Niliwaeleza habari ya GATA1, wakaniandikia vitamini.

Nimeacha mwisho kisa kinachonishangaza kuliko vyote. Saratani ya Kaposi ilijulikana Uganda kabla ya UKIMWI haujaonekana, na mpaka leo ni miongoni mwa saratani zinazowapata sana wanaume wetu. Virusi vinavyoisababisha, HHV-8, vilitambuliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. Ndani ya DNA ya virusi hivyo kuna jeni ya kipokezi inayofanana na kipokezi cha binadamu cha protini moja inayoita chembe za kinga. Kwa dalili zote, babu zao waliichukua kutoka kwa mnyama waliyemwambukiza. Kisha, kizazi baada ya kizazi, imebadilika mpaka haihitaji tena kuitwa: kipokezi cha virusi kimewaka muda wote. Seli chache zenye kipokezi hicho zinamwaga VEGF, protini inayochochea mishipa ya damu kuota, na majirani wanaitikia. Angalia madoa ya Kaposi yalivyo mekundu ya zambarau, ni mishipa. Hapo binadamu hana mutesheni yoyote. Askari mbovu ameletwa na mgeni, na sare yake ni ya kampuni yetu.

Mambo mawili uyazuie yasiingie kwenye daftari za wanafunzi. Sikoseli si ugonjwa wa kipokezi. Ni hemoglobini iliyobadilika. Na kisukari cha ukubwani, kwa wagonjwa walio wengi, hakitokani na mutesheni ya kipokezi cha insulini. Kipokezi ni kizima, uzito wa kusikia uko ngazi za ndani. Wapo watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na kipokezi cha insulini kilichokufa, nao huugua vibaya sana tangu kuzaliwa. Hao usiwachanganye na mzee wa mtaani anayechoma sindano.

Jumatatu ya tatu fanya hivi. Simamisha wanafunzi watano kwenye mstari, wape majina: kipokezi, RAS, RAF, MEK, ERK. Wewe ni lori. Ukimgusa bega wa kwanza anapiga makofi, wa pili akisikia naye anapiga, mpaka wa mwisho. Ukiondoa mkono, wanaacha kwa zamu. Halafu uwagawie vikaratasi vya siri, kila mzunguko mmoja mwenye kosa: asiyesikia, aliyetoka nje, anayepiga makofi bila kuguswa, anayechelewa kuacha. Yule aliyeuliza swali mgeuze uso ukutani, asikilize makofi tu na akutajie mwenye kosa. Kimya atakigundua. Lakini makofi yasiyokoma yatamchanganya, kwa sababu kipokezi kilichowaka na RAS aliyewaka vinasikika sawa ukiwa umeupa mstari mgongo. Mwache ahangaike, kisha umruhusu jambo moja: amwondoe wa kwanza kwenye mstari, asikilize tena. Makofi yakikoma, kosa lilikuwa la kipokezi. Yakiendelea, akamtafute RAS.